Maghorofa ya Kariakoo ni ya Nani?

Wakoloni waliitenga Kariakoo iwe makazi ya Waafrika, Mjerumani akianza na Mwingereza akiendelea, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka kati yao na Uhindini. Hata jina lake ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini wananchi waliigeuza dharau hiyo kuwa nguvu. Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi walichota maji pamoja, wakazikana na kuozana. Ukingoni mwa mitaa hiyo, katika barabara ambayo leo ni ya Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Umoja huo ulikuwa na nyumba yake: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba na wapangaji wake waliishi chini ya paa moja.

Leo nyumba hizo zinakwisha. Mahali pake yamesimama maghorofa, chini maduka, juu maghala na vyumba vya kupanga. Hatuyalaani maghorofa. Choo kimoja kwa familia sita si utamaduni wa kuenziwa, na ardhi ya katikati ya jiji haiwezi kubaki na vibanda milele. Swali letu ni moja tu: nani anafaidika?

Mara nyingi mwenye kiwanja hana fedha, na mwenye fedha hana kiwanja. Hapo huandikwa mkataba wa ubia. Mjenzi huja na mwanasheria wake. Mjane na watoto wa marehemu huja na hati ya nyumba tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, hapa mwenyeji anapona? Na mpangaji, ambaye hakutia sahihi popote, hufungasha virago kwenda Mbagala au Chanika, mbali na kazi yake.

Sheria tunayo. Kwa sheria ya mwaka 2008, mtu anaweza kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Basi asivunjiwe nyumba mwananchi yeyote kabla mkataba haujataja kwa maandishi sehemu zitakazokuwa zake, na kabla hajapata ushauri wa mwanasheria asiyelipwa na mjenzi. Wapangaji nao wapewe muda wa kutosha wa kuhama.

Usimamizi nao usiwe wa makaratasi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mkaguzi anayefumba macho hana tofauti na mjenzi anayeiba saruji.

Ndugu watumishi wa umma, mihuri inayoidhinisha majengo haya imo mikononi mwenu. Mkoloni aliwatenga wazee wetu kwa rangi. Tusikubali wajukuu wao watengwe kwa fedha.