Poka ni akili, sawa. Lakini bado ni kamari

Nipo nyumbani Nachingwea kwa likizo, ila mjadala wa hosteli umenifuata mpaka huku: hivi poka ni kamari au ni mchezo wa akili?

Mnawajua wale jamaa zetu ambao boom likiingia tu, karata zinatoka chini ya godoro. Ukiwaambia wanacheza kamari wanakuwa wakali kama pilipili. "Hii siyo kamari, hii ni hesabu!" Na kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa hesabu, kila wakibanwa wananiita shahidi. Leo natoa ushahidi wenyewe.

Kwanza niwape haki yao. Poka siyo bahati tupu. Karata ni 52, unapewa mbili za siri, na kupata ree mbili hutokea mara 1 tu katika 221. Anayejua hesabu hizo, anayeacha karata mbovu mapema na kumsoma mwenzake anavyoweka dau, mkikaa muda mrefu atakumaliza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walitangaza programu ya kompyuta, Cepheus, inayocheza aina mojawapo ya poka ya watu wawili karibu bila kosa. Kwenye bahati nasibu huwezi kuunda kitu kama hicho. Kwa hiyo akili ipo, tusibishane.

Sasa sikia upande wa pili. Ree mbili zikikutana na K mbili, ree hushinda kama mara 82 katika 100. Maana yake mara 18 aliyecheza vizuri ndiye anayelia. Ujuzi wa poka unaonekana baada ya maelfu ya raundi. Wewe boom lako linakata wiki ya pili, huo ujuzi utaonekana lini?

Kuna kesi moja Marekani naipenda. Mtu alikuwa anaendesha meza za poka New York na kukata asilimia 5 ya dau. Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein akamwachia, akisema kwenye poka ujuzi unazidi bahati. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikapindua uamuzi huo. Haikusema poka haina akili. Ilisema ujuzi kuzidi bahati hakumwokoi mtu na kosa la kuendesha biashara ya kamari. Hapo ndipo nilipo na mimi: ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Angalieni bao. Wazee wa Ruangwa wanacheza chini ya mwembe mpaka jua linazama. Bao lina akili kuliko poka, maana hakuna kilichofichwa, kete zote mnaziona. Aliyefungwa anataniwa, anarudi nyumbani na hela yake ya mboga mfukoni. Sasa wekeni elfu kumi kumi juu ya bao lile lile. Akili haijapungua hata kete moja, lakini kuna nyumba leo italala bila mboga. Kwa hiyo kinachonisumbua siyo karata, ni dau.

Najua mtakuja na ile yenu: "Hata kilimo ni kamari." Ni kweli kina hatari, sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa hilo. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi, bei huku ikaporomoka. Na hapa hapa Nachingwea Mwingereza alikuja na matrekta na wataalamu wake kulima karanga, mpango ulioanza 1947 ukaachwa 1951, hasara kama pauni milioni 36. Lakini mbaazi hata zikikosa bei unachemsha, unakula. Shamba linaleta kitu ambacho jana hakikuwepo. Meza ya poka haioti kitu, inahamisha tu. Watu sita mkiweka elfu kumi kumi, mezani pana 60,000. Mwenye meza akikata 500 kila raundi, baada ya raundi 40 ameondoka na 20,000. Mnagombania 40,000 iliyobaki, na akishinda mmoja ni hela ya mshikaji wake wa chumba cha pili.

Na hiyo hela ya mshikaji tunajua ilikotoka. Wengi wetu wa Ruangwa na Nachingwea, kinachojazia boom ni gunia la ufuta. Mama amepalilia kwa jembe la mkono, amesubiri mnada, akatuma kwa simu, halafu inaliwa usiku mmoja.

Ndiyo maana silipendi hili neno "mchezo wa akili" linavyotumika pale hosteli. Mtu akiambiwa ni kamari, akiliwa anasema leo sina bahati, analala. Akiambiwa ni akili, akiliwa anajiona mjinga, na hakuna kijana wa chuo anayekubali kulala akiwa mjinga. Atakopa arudi mezani akathibitishe. Nimewaona watu wakiuza simu kwa ajili ya uthibitisho huo.

Walimu watarajiwa wenzangu, hili litatufuata mpaka darasani. Watoto wanaona mikeka kila kona. Wafundisheni hivi: mechi tano, kila moja una uhakika wa asilimia 60, mkeka mzima unatiki kama mara 8 tu katika 100. Hiyo ndiyo kazi ya hesabu.

Mnaotaka kucheza poka kwa akili, chezeni kwa njugu au vizibo vya soda. Kama utamu ni akili, utabaki. Ukiona bila hela haunogi, jibu umeshalipata.

Anayebisha aje na daftari la mahesabu yake yote, siyo na hadithi ya ile siku moja aliyoshinda. Nawasilisha.