Video ya kupamba si ya bi harusi peke yake



Naandika kutoka Sekei, Arusha. Umeme umekatika tangu adhuhuri, cherehani imelala, na baridi ya Mlima Meru inanikumbusha joto la Unguja. Wengi wenu mnanijua kwa nguo za kupambia, si kwa mambo ya TV. Lakini siku hizi kila bi harusi anayekuja kujaribu nguo, mazungumzo yanaishia kwenye video, nami nina langu la kusema.

Nilipoolewa, shughuli yangu ya kupamba ilikuwa ya wanawake watupu. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye kapu, mpiga video alikuwa dada, hata mtoaji soda alikuwa mwanamke. Mashoga zangu wakavua mabaibui wakacheza kwa raha zao. Baada ya wiki nikapewa flashi ndogo kama kucha. Nikaja nayo bara, nikaichomeka nyuma ya TV janja sebuleni, nikawa natazama mume akiwa kazini. Ikabaki humo humo. Nani anakumbuka kitu kilicho nyuma ya TV?

Siku ya Simba na Yanga mashemeji wakaja. TV ilipowashwa ikaiona flashi, ikafungua yaliyomo yenyewe, picha ndogo ndogo kioo kizima: mimi kichwa wazi, wifi yangu, shoga yangu wa madrasa. Mume wangu aliruka kama aliyeunguzwa. Ilikuwa sekunde tatu, labda nne. Mashemeji, Mungu awabariki, wakajifanya wanatazama zulia.

Mngedhani nilijifunza. Niliitoa, nikaitazama mara moja nyingine usiku, nikaisahau tena. Miezi ikapita, TV ikaharibika taa za ndani, ikaenda kwa fundi. Alipoirudisha akanipa flashi mkononi: “Dada, hii ilikuwa nyuma.” Ilikaa kwake siku tisa. Sikumuuliza kama aliifungua. Mpaka leo sijui, na wale wanawake arobaini waliocheza siku ile hawajui kwamba mimi sijui.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Bi harusi husema “video yangu”, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia. Lakini humo ndani mna vichwa, mikono na viuno vya wenzake, waliovua baibui kwa sababu waliahidiwa wanawake watupu. Ahadi ile haiishi ukumbi ukifungwa. Ni amana, na Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha amana zifike kwa wenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni kutopiga video kabisa. Nawaheshimu, ila siwafuati. Mama yangu, Allah amrehemu, yumo kwenye ile video, anacheka mpaka anajishika ubavu. Picha zake za mnato ninazo nyingi, na zote amekunja uso kama yuko uhamiaji. Kicheko chake nimebaki nacho pale tu. Siwezi kumwambia bi harusi asiwe nacho cha mama yake.

Na jambo lenyewe si geni. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, bara ikasubiri hadi 1994, kwa hiyo mama zetu wa visiwani walizoea kioo zamani. Zilipokuja kaseti za video za harusi, waliziazimana kwa masharti: isitazamwe wanaume wakiwepo, irudi Ijumaa. Kaseti ilikuwa nene kama tofali, ikipotea unaiona imepotea. Adui yake mkubwa alikuwa unyevu na kuvu. Sisi tumepewa kitu kinachopotea ndani ya pochi.

Kwa hiyo TV iwe ya kuonyeshea tu, isiwe ya kuhifadhia. Nafasi ya ndani ya TV nyingi ni ndogo, na siku unaiuza au inakwenda kwa fundi, kilichomo kinakwenda nayo. Kama uliwahi kunakili video humo, rudisha mipangilio ya kiwandani kabla haijatoka nyumbani, na uondoe akaunti yako ya Google. Akaunti hiyo ndiyo huleta picha za simu kwenye kioo TV ikiwa imepumzika, kama kuna mtu aliwahi kuliruhusu hilo kwenye mipangilio. Wala usidanganyike na video ya YouTube “iliyofichwa kwa kiungo”. Mwenye kiungo yeyote anaiona, na kiungo hutumwa kwenye kundi la familia kabla chai haijapoa.

Tena kuna TV zinazotambua kinachoonyeshwa kwenye kioo na kupeleka taarifa kwa kampuni. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio huko Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya taarifa za watazamaji bila idhini yao, kupitia TV milioni 11. Sisemi kuna mtu ameketi ofisini anatazama harusi yako. Nasema zima Wi-Fi ya TV kabla ya kuchomeka flashi. Haigharimu kitu.

Mengine muulize mpiga video kabla hujamaliza kumlipa. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, na shughuli ya saa tatu inapita hapo kwa urahisi. Mwambie aikate vipande, au aiweke kwenye flashi ya exFAT baada ya kuhakikisha TV yako inaisoma. Aitoe kwa MP4 ya H.264 na sauti ya AAC, maana wateja wangu wengine wamepata picha bila sauti wakadhani TV mbovu. TV ikikuuliza kama ifomati flashi ili irekodi vipindi, kataa, itafuta kila kitu. Na muulize yeye mwenyewe nakala yake ataifuta lini. Hili ndilo swali ambalo mabibi harusi wanaona haya kuliuliza.

Nywila? Flashi iliyofungwa kwa nywila TV nyingi haziisomi kabisa, kwa hiyo kufuli letu ni kabati. Yangu sasa iko kwenye kopo la vifungo, chini ya zipu nyeupe, na nakala ya pili iko Unguja kwa dada yangu. Mwezi uliopita nilimpigia wifi yangu nikamweleza habari ya zile siku tisa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, “Wengine umewaambia?” Nimebakiza thelathini na tisa.