Neno la Mhariri: Tusisubiri Shingo Ivimbe



Toleo hili linahusu upungufu wa madini mwilini, na tumeamua kuanzia Heru Juu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma. Vilima vya Buha, nchi ya Waha, kutoka Kasulu hadi Kibondo, vina mvua ya kutosha, na mashamba yake yana maharage, mahindi, migomba na mihogo. Mgeni akipita huko hudhani wenyeji hawakosi kitu mezani. Lakini mvua hiyohiyo, kwa karne nyingi, imekuwa ikisomba madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye udongo wa miinuko. Mmea haumpi mlaji kitu ambacho ardhi haina. Ukoo unaweza kulima, kuvuna na kushiba kila msimu, na bado ukakosa madini joto.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Mahitaji ya mtu mzima yakijumlishwa kwa miaka 70 hayafiki gramu 4. Kiasi hicho hutumiwa na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji, na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Madini joto yakipungua, ubongo huihimiza tezi ifanye kazi zaidi, nayo hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita kwenye damu. Hiyo ndiyo goita. Muhogo usiolowekwa wala kukaushwa ipasavyo huongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake ikishavunjwavunjwa mwilini huizuia tezi kupokea madini joto.

Hoja yangu ni hii: goita ndiyo dalili inayoonekana, lakini siyo madhara makubwa kuliko yote. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hutegemea homoni za mama yake. Mama akipungukiwa sana, mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa akiwa kiziwi, bubu, mwenye kimo kifupi na akili iliyodumaa. Upungufu ukiwa wa wastani, mtoto huzaliwa akionekana mzima, akaanza shule, na hapo ndipo anapoitwa mvivu au mzito wa kuelewa. Shingo ya mama yake huenda haikuwahi kuvimba. Tukiingoja shingo itoe taarifa, tutakuwa tumechelewa kwa mtoto huyo, na hakuna kidonge cha kumrudishia alichopoteza tumboni.

Basi upungufu hugunduliwaje? Njia ya zamani ni ya mikono. Mpimaji husimama mbele ya mwanafunzi, akapapasa pande mbili za koromeo na kumwambia ameze mate, ili tezi ipande na kushuka chini ya vidole. Kila upande wa tezi hulinganishwa na pingili ya mwisho ya dole gumba la mtoto mwenyewe. Ukiizidi, tezi imekua. Njia hii haina gharama, lakini tezi huchukua miezi, pengine miaka, kukua na kunywea, kwa hiyo inasimulia zaidi habari za zamani.

Habari za sasa ziko kwenye mkojo, kwa sababu sehemu kubwa ya madini joto tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Hata hivyo, mkojo wa mtu mmoja hautoshi kumhukumu, maana kiwango hubadilika kufuatana na mlo wa jana. Hupimwa wa watu wengi, kisha hutafutwa namba ya katikati. Kwa watoto wa shule, namba hiyo ikishuka chini ya mikrogramu 100 kwa lita, jamii ina upungufu. Kwa wajawazito, kikomo ni 150.

Tanzania imewahi kufanya kazi kubwa katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe na Wizara ya Afya ziligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Wastani wa goita nchini, uliokuwa kama asilimia 25 katika miaka ya 1980, ulikuwa umeshuka hadi asilimia 7 katika utafiti wa mwaka 2004, na namba ya katikati ya mkojo wa watoto wa shule ikawa 204. Ushindi huo ni wa kweli na tuuenzi. Lakini namba hizo ni za taifa zima, na zilitoka kwa wanafunzi. Kijiji kinaweza kufichwa na wastani wa taifa, na mjamzito akafichwa na mwanafunzi.

Kigoma ina chumvi yake. Maji ya chemchemi za Uvinza yalianza kuchemshwa kupata chumvi katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, na watu wa Buha waliifuata huko kwa vizazi vingi. Ila chumvi kuwa chumvi hakuhakikishi madini joto. Lazima yaongezwe, yachanganywe sawasawa, na yasipotee njiani. Chumvi inayoanikwa sokoni juu ya turubai, juani na kwenye unyevu, huyapoteza kidogokidogo. Kuna kipimo chepesi: tone moja la dawa ya wanga huangushwa juu ya chumvi. Yenye madini joto hugeuka bluu ya kukolea, isiyo nayo hubaki nyeupe. Kazi hiyo humalizika kabla muuzaji hajarudisha chenji.

Madini mengine, kama chuma, yana ugumu wake. Damu ya kidoleni huonyesha hemoglobini, na mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu. Lakini malaria na minyoo hushusha damu vilevile. Kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, nacho hupanda mtu akiwa na maambukizi na kuficha upungufu. Kwa hiyo kila jibu lisomwe na mtaalamu pamoja na hali ya mgonjwa. Wanaozunguka na vifaa vya kushika kiganjani, wakidai kusoma madini yote ya mwili kwa dakika moja, wanauza uongo. Vidonge vya FEFO, yaani vya chuma na asidi ya foliki, vinavyotolewa kliniki vina faida kuliko majibu yao.

Naziomba halmashauri za Kasulu na Kibondo zipeleke kipimo cha chumvi kwenye kila gulio, na zipime mkojo wa wajawazito, siyo wa wanafunzi peke yao. Nawe msomaji, nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, itunze kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Kama nyumbani kwako kuna mjamzito, anza leo.