Muhula ukigeuzwa njia ya kumwondoa mkaguzi

Viongozi wengi wa kuteuliwa Tanzania huondolewa kwa taarifa fupi ya Ikulu: uteuzi umetenguliwa, basi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hakuwekwa katika kundi hilo. Ibara ya 144 ya Katiba inasema ataacha kazi akitimiza miaka 60, au umri mwingine utakaotajwa na sheria. Akituhumiwa kushindwa kazi au kukosa maadili, Rais aunde Tume Maalum, ambayo mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe ni majaji au waliopata kuwa majaji.

Novemba 2019 CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, aliondoka bila Tume yoyote. Ilielezwa kwamba miaka yake mitano imekwisha, kwa kuwa Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 ilimpa CAG kipindi hicho, kikiongezwa mara moja tu. Aprili ya mwaka huohuo Bunge lilikuwa limeazimia kutofanya naye kazi, kisa alitaja "udhaifu" wa chombo hicho.

Kipindi kinachoongezwa ndicho kinachonitia hofu kuliko kufukuzwa waziwazi. Anayeongeza ni Rais, mkuu wa Serikali inayokaguliwa. Mkaguzi aliye mwaka wa tano anakabidhi ripoti Machi kwa mtu yuleyule atakayeamua Novemba kama abaki au aende. Hata akiwa jasiri, kwa nini tumweke katika mtihani huo? Wanaosema Rais anahitaji nafasi ya kumwondoa asiyefaa wanasahau kwamba nafasi hiyo ipo: ni Tume, mbele ya majaji, kwa sababu zinazotajwa.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilimpa Mkaguzi Mkuu wake miaka minane bila kurudi. Kwa hili imetuzidi, ingawa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko alipomaliza 2019 ofisi ilikaa karibu mwaka mzima bila mkuu hadi alipoingia Nancy Gathungu.

Desemba 2022 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanasiasa Zitto Kabwe kuhusu kuondolewa kwa Assad, ilitamka kwamba kifungu cha miaka mitano kinakiuka Katiba. Ni uamuzi sahihi, lakini miaka mitatu ilishapita na mrithi wa Assad, Charles Kichere, alikuwa kazini. Shauri la namna hii lastahili kusikilizwa na kuamuliwa kabla mrithi hajaapishwa, na Bunge linaweza kuliandika hilo katika sheria.