Paka Hatoki Nje, Lakini Popo Anaingia

Kwenye kipindi kilichopita niliwaambia Mama humwita paka wetu "mpangaji asiyelipa kodi". Mkacheka. Sehemu ambayo sikuisimulia ni kwamba huyo mpangaji alikaa miaka miwili bila chanjo, na kosa ni langu.

Mama alikuwa na hoja yake: "Huyu haendi popote. Chanjo ya nini?" Mimi, na digrii zangu mbili, nikakubali haraka. Nilikuwa nakwepa gharama, basi.

Halafu usiku mmoja popo akaingia sebuleni kwetu, Silver Spring. Paka akamrukia kabla sijapata ufagio. Popo akapelekwa kupimwa, na hakuwa na kichaa cha mbwa. Lakini zile siku za kusubiri sitazisahau, maana nilikuwa nimeelezwa wazi. Paka mwenye chanjo akikutana na mnyama mwenye kichaa, huongezewa dozi na kuangaliwa nyumbani siku 45. Asiye na chanjo huuawa, au hufungiwa karantini miezi minne. Hebu fikiria kumweleza Mama hilo.

Na si kwamba sheria imejificha. Maryland, Virginia na D.C. zote zinataka mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa wakifika miezi minne. "Hatoki nje" si msamaha. Kwanza hapa Marekani, kati ya wanyama wa nyumbani, paka ndio hukutwa na kichaa zaidi kuliko mbwa. Na mji wetu si salama kama unavyodhani: Aprili 2022 mbweha mmoja aliuma watu kadhaa Capitol Hill, akiwemo mbunge Ami Bera. Alipopimwa, alikuwa na kichaa.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka kwa Mama mwenyewe. Nilimuuliza kama aliwahi kuuona ugonjwa huo. Akanyamaza, kisha akanisimulia kuhusu kijana wa jirani kijijini, aliyeumwa na mbwa na hakupata sindano mapema. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Yaani Mama aliujua ugonjwa huu kuliko mimi. Alidhani tu tuliuacha kule.

Kumbe hata kule watu wanapambana nao. Pemba waliumaliza mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Chanjo zikalegea, na 2016 ukarudi. Wakachanja tena, wakaumaliza tena. Somo ni hilo hilo, uwe Chake Chake au Silver Spring: kinga hudumu pale tu unapoendelea kuchanja.

Kwa hiyo usiwahutubie wazazi wako. Waulize wanakumbuka nini, kisha lipia wewe. Kaunti nyingi huku huwa na siku za chanjo za bei nafuu.

Mpangaji wetu amechanjwa sasa. Kodi bado halipi.