Mshindi Apewe Zawadi, Aliyeshindwa Apewe Sababu

Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyosema wahenga wetu. Hata awe na wembe mkali namna gani, kichwa chake mwenyewe kinamhitaji mtu mwingine. Nimeanza na methali hii, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, kwa sababu nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo linatuhusu sana sisi vijana wa siku hizi, nalo ni mashindano ya picha.

Mashindano haya yana utaratibu ambao sote tunaujua. Mnapewa mada. Unatafuta picha inayolingana na mada hiyo. Unaipeleka, halafu unangoja. Mwisho wa kungoja ni karatasi iliyobandikwa ubaoni ikiwa na majina matatu: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Basi! Wale wengine wote hawaambiwi hata neno moja. Maoni yangu ni kwamba shindano la namna hiyo halina tofauti kubwa na bahati nasibu, na kwamba kila anayepeleka picha yake ana haki ya kuelezwa ilikuwa na nini na ilikosa nini.

Nasema haya wakati unaofaa. Chama chetu cha Kiswahili kimependekeza kwamba picha ya jalada la jarida la mwaka ujao ipatikane kwa shindano kati yetu wanafunzi. Naliunga mkono pendekezo hilo kwa mikono miwili. Lakini kabla hatujaanza, hebu tutazame yaliyotupata mwaka jana.

Mwaka jana kulikuwa na shindano la shule za sekondari za huku kwetu, na walioliandaa sitawataja. Mada ilikuwa "Urithi Wetu". Katika shule yetu tulijitokeza wanafunzi 11. Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, tukitoka shuleni kuna maji, kuna kuni, kuna ng'ombe, na kuna kazi ya hesabu inayongoja. Wengi wetu hatuna simu zetu wenyewe. Kuna mwenzetu ambaye nyumbani kwao kuna simu ya mulika mwizi tu, ikambidi amwombe mjomba wake simu ya kupiga picha kwa Jumamosi moja. Alikwenda nayo mpaka kwenye Jiwe la Kulia kule Ilesi, kando ya barabara ya kuelekea Kisumu, akakaa hapo mpaka alasiri akisubiri jua lilegee. Mwingine aliingia Msitu wa Kakamega upande wa Isecheno kutafuta mbega. Mwingine alikwenda kwenye pigano la fahali, akarudi na matope hadi magotini.

Mimi nilipiga picha ya ngoma za isukuti. Kama mjuavyo, isukuti hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa maana wajuzi wake wanazeeka na vijana wa kuirithi ni wachache. Kwa hiyo sikupiga picha ya watu wakicheza. Nilizipiga zile ngoma tatu zikiwa zimeegemezwa ukutani, hakuna mtu, baada ya wapigaji kwenda kula. Nilitaka anayetazama ajiulize: kesho nani atazipiga?

Matokeo yalipokuja, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwemo. Hilo halikutuudhi, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Tulimwomba mwalimu wetu mlezi atuandikie barua ya kuuliza majaji walionaje picha zetu. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Jamani! Kwani nani aliomba uamuzi ubadilishwe? Sisi tuliomba sababu.

Sasa sikilizeni matokeo ya kimya hicho. Kwanza, uvumi ulianza. Ati walioshinda ni watoto wa wenye simu kubwa kubwa. Ati mmoja ana shangazi huko ofisini. Mimi siamini maneno hayo, lakini nitayakanusha kwa kitu gani? Mahali ambapo hapana sababu, fitina hupata kiti ikakaa. Pili, katika sisi 11, wanane wameapa kwamba hawatashiriki tena. Yule mwenzangu wa simu ya mjomba ni mmoja wao. Yeye amekata shauri kwamba kilichomwangusha ni simu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Pengine jicho lake ni zuri kuliko letu sote. Lakini hakuna aliyemwambia, na sasa ameacha. Hiyo ndiyo hasara ninayoililia.

Hebu tulinganishe na mashindano mengine tuliyoyazoea. Katika tamasha za muziki, kwaya zikishaimba, mwamuzi husimama mbele ya ukumbi mzima akasema: sauti ya tatu ilizama, mwendo ulikimbia, matamshi yalikuwa safi. Shule iliyoshika mkia hurudi nyumbani ikijua la kurekebisha. Tamasha za drama ni vivyo hivyo. Hata hapa darasani, mwalimu wa Kiswahili harudishi insha ikiwa na alama 9 kwa 20 tu na karatasi nyeupe pe. Kalamu nyekundu hupita kila mahali, na chini kabisa tunaandikiwa neno. Tunanung'unika, ndiyo, lakini insha ya pili huwa afadhali. Je, picha ina kosa gani hata inyimwe kalamu nyekundu?

Tukitazama ng'ambo, kuna shindano kubwa la picha za wanyama na mimea pori linaloitwa Wildlife Photographer of the Year, ambalo huandaliwa na Natural History Museum ya London. Mwaka 2017 picha moja kutoka Brazil, ya mnyama anayekula mchwa akikivamia kichuguu usiku, ilishinda katika kundi lake. Baadaye watu walishuku kwamba mnyama yule alikuwa wa kukaushwa na kujazwa. Wenye shindano hawakuifuta picha kimya kimya. Waliwaita wataalamu watano, wakalinganisha alama za mwilini, vishungi vya manyoya na mkao wa mnyama yule na mwingine aliyekaushwa aliyekuwa akionyeshwa katika mbuga iyo hiyo. Mwezi wa Aprili 2018 waliondoa picha ile na kuutangazia ulimwengu sababu zao. Mpiga picha alikanusha, na watu walisikia pande zote mbili. Sasa mimi nauliza: ikiwa hata anayeondolewa kwa kushukiwa udanganyifu hupewa sababu ndefu hivyo, vipi mwanafunzi wa Kakamega aliyeshindwa kwa uaminifu akose sentensi moja?

Wengine watasema kwamba picha ni mchezo tu, si somo la mtihani. Hao nawakumbusha habari za Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1943. Picha alizochukua katika njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa mataifa yaliyokuwa yamelala, na misaada ikamiminika. Picha si mchezo. Ni kauli, na kauli hujibiwa.

Pengine mtauliza, maelezo yenyewe yaweje? Mimi naona yajibu maswali matatu. Je, picha imejibu mada? Je, mwanga na mpango wake ni sawa? Na mara nyingine mpigaji afanye nini? Tuchukue mfano wa yule mwenzetu aliyeingia msituni. Mbega wake anaonekana kama doa jeupe na jeusi juu kabisa mtini, tena lina ukungu. Jaji angeweza kumwandikia hivi: "Mada umeipata, kwa kuwa msitu huu ni urithi wetu. Lakini chini ya miti mwanga ni haba, kamera huchukua muda zaidi na mkono ukitikisika kidogo tu picha hufifia. Egemea mti, au mngoje mnyama penye uwazi asubuhi." Hayo ni maneno machache, lakini angekwenda nayo msituni Jumamosi inayofuata. Robert Capa, mpiga picha wa vita aliyefariki mwaka 1954, alijulikana kwa kusema kwamba picha isiporidhisha, basi mpigaji hakusogea karibu vya kutosha. Kwa mbega aliye juu ya mti kusogea ni kazi, lakini kungoja ashuke nako ni kusogea.

Picha yangu mimi ilipata jaji wake nje ya shindano. Nilimpelekea fundi mmoja wa picha mwenye studio mjini. Aliitazama, akanyamaza kidogo, akasema wazo ni zuri. Halafu akasema ukuta ule mweupe umenyang'anya ngoma mwanga, ndiyo maana zinaonekana nyeusi na ngozi zake hazionekani vizuri. Mwisho akashauri kwamba ningemweka mtoto pembeni akizitazama. Hakutumia hata dakika tano, wala hakunitoza senti. La ukuta nililikubali papo hapo. La mtoto nililikataa, na mpaka leo nalikataa, kwa sababu upweke wa zile ngoma ndio ujumbe wenyewe. Tulibishana kidogo, tukacheka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba maelezo si amri. Ni mazungumzo. Unachukua linalokufaa, unaliacha lisilokufaa, lakini huwezi kuchagua kati ya maneno ambayo hukuambiwa.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema majaji hawana muda. Haya, tupige hesabu. Picha zikiwa 60, na kila moja ipewe dakika mbili za kuandikiwa sentensi mbili tatu, hizo ni dakika 120, yaani saa mbili. Mwanafunzi ametumia Jumamosi nzima, jaji akose saa mbili? Wa pili watasema kwamba maelezo yatawavunja watoto moyo. La hasha! Kilichotuvunja sisi moyo ni kimya. Wa tatu watasema uzuri wa picha hauelezeki, ni jambo la macho. Ikiwa hauelezeki, basi majaji walikubaliana vipi nani awe wa kwanza? Lazima walisema kitu mle chumbani. Hicho hicho walichosema ndicho tunachotaka.

Na sisi wanafunzi pia tuambiane ukweli. Kuna wenzetu ambao ukiwaambia picha yako imepinda, wananuna wiki nzima. Wengine wakiuliza "unaionaje?" wanataka kusikia "safi sana" peke yake. Ukitaka sifa tu, kapige picha ukamwonyeshe nyanyako. Anayeuliza awe tayari kujibiwa, na anayejibu asitukane. Kusema "hii picha ni takataka" si maelezo, ni ufidhuli. Kusema "mti huu unaonekana kama umeota kichwani mwa huyu mama, songa kando kidogo" ni msaada.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta mapendekezo matatu kwa chama chetu na walimu wetu walezi. Kwanza, mada ya shindano la jalada ikitangazwa, ielezwe kwa sentensi chache, ili mtu ajue kama ngoma zisizo na mpigaji zinakubalika au la. Tena ielezwe kabla, si baada. Pili, kila picha ije na maelezo mafupi ya mpigaji kwa Kiswahili sanifu, na kila picha irudi na sentensi mbili au tatu za waamuzi, mshindi na asiyeshinda sawasawa. Hivyo chama kitakuwa kimekuza lugha pia, si picha tu. Tatu, baada ya matokeo, picha zote zibandikwe ubaoni kwa wiki moja pamoja na maelezo yake. Tukiona iliyoshinda ilishinda kwa nini, hakuna atakayezungumza tena habari za shangazi wa ofisini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tuonyeshwe vilivyoundwa.

Zawadi si jambo la lazima. Kama chama hakina pesa, hata kalamu moja inatosha, na hata pasipo kalamu tutashiriki. Lakini sentensi hizo mbili tatu hazigharimu kitu ila kuitazama picha ya mtu kwa makini. Mkitupa hizo, nitamfuata yule mwenzangu wa simu ya mjomba nimwambie arudi, na naamini atarudi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu