Obama alipopita bila kupingwa

Wengi wetu historia ya Barack Obama tunaianzia Kogelo, kijijini kwa baba yake, halafu tunaruka moja kwa moja hadi ushindi wa 2008. Katikati pana uchaguzi mmoja mdogo ambao huku kwetu hauzungumzwi kabisa. Ni ule wa 1996, alipogombea useneta wa jimbo la Illinois katika wilaya ya 13, kusini mwa jiji la Chicago. Hii siyo ile Seneti ya Washington, jamani. Ni baraza la jimbo, linakaa mji wa Springfield.

Wasifu wake ulikuwa mtamu. Alifika Chicago mwaka 1985 akiwa kijana wa miaka 23, akaajiriwa na mradi uliokuwa ukiungwa mkono na makanisa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaa ambayo viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa, kuwakutanisha wakazi na kuwasaidia kudai haki zao: mafunzo ya kazi, na kuondolewa kwa asbesto kwenye nyumba za serikali za Altgeld Gardens. Akaenda Harvard kusoma sheria, akarudi. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya Project Vote iliyoandikisha wapiga kura wapya wapatao 150,000. Akawa anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago.

Na vipaumbele vyake vilitoka kwenye kazi hiyohiyo. Mwaka 1995 aliliambia gazeti la Chicago Reader kwamba mwanasiasa anapaswa kuwa kama mratibu wa wananchi, nusu mwalimu, nusu mtetezi, anayewaelimisha wapiga kura juu ya machaguo halisi waliyonayo. Kumbukeni hilo neno, machaguo.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyeheshimika, mwanaharakati. Yeye alitaka kwenda Bunge la Marekani, akamuunga mkono Obama arithi nafasi yake. Novemba 1995 akashindwa na Jesse Jackson Jr., akaamua kurudi kutetea kiti chake. Wazee wakamwomba kijana ampishe. Kijana akagoma. Hapo mimi simlaumu, alishatangaza nia, alishakusanya watu, na kiti cha umma siyo shamba la mtu.

Ninachokwama nacho ni kilichofuata. Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura za maoni za chama, mgombea alihitaji sahihi 757 za wadhamini. Palmer alirudisha 1,580, zilizokusanywa kwa haraka. Watu wa Obama wakaenda ofisi ya uchaguzi, wakakagua jina kwa jina, wakaweka pingamizi. Siyo kwa Palmer peke yake. Wapinzani walikuwa wanne, na wote wanne wakaondoka kwenye karatasi. Machi 1996 wanachama wa Democratic wa wilaya ya 13 walikuta jina moja tu. Kwa wilaya ile, ambako Democratic ndiyo kila kitu, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha ratiba.

Sahihi za kughushi zifutwe, sina ubishi. Lakini zilifutwa hata za watu waliojiandika kwa herufi zilizotenganishwa badala ya mwandiko wa kuunganisha! Huyo ni mkazi halisi, kasimama mlangoni kwake, kashika kalamu. Kosa lake nini?

Sisi Watanzania neno tunalo, kuenguliwa. Mimi naripoti siasa, na nimekaa sana kwenye korido za ofisi ambako fomu zinarudishwa. Mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kukosea kujaza fomu, hadi CHADEMA ikajitoa. Tofauti ipo, tuseme ukweli. Kule Chicago pingamizi liliwekwa na mshindani, kila sahihi ikakaguliwa mbele ya bodi ya uchaguzi. Ila kwa mpiga kura mwenye karatasi yenye jina moja, tofauti hiyo inamsaidia nini?

Mwaka 2007 Chicago Tribune walimuuliza Obama kama wapiga kura walitendewa haki. Akajibu kwamba waliishia kupata seneta mzuri sana. Na kweli alikuwa mzuri. Mwaka 2003, chama chake kilipokuwa kimeshika Seneti ya jimbo, alisimamia sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji, jambo kubwa katika jimbo ambalo watu wasio na hatia walishahukumiwa kifo. Lakini jibu lile ni jibu la mshindi. Wakazi wa Hyde Park, South Shore na Englewood mwaka 1996 hawakujua ya 2003. Walichokuwa nacho ni haki ya kumlinganisha kijana huyu na mama waliyemfahamu, na mtu aliyeandikisha wapiga kura 150,000 ndiye aliyeiondoa.

Mwaka 2000 alijaribu ubunge wa Washington dhidi ya Bobby Rush, aliyekuwa kitini. Safari hii jina la mpinzani lilibaki kwenye karatasi. Rush alimshinda kwa takriban kura mbili kwa moja.